Suri na klavye zenye kulala mu depo: tutoe zile zinafanya kazi, tusitoe takataka

Mu muji wa Bunia biro zimekuwa nyingi. Kuko biro za leta, za ONG, za mashirika ya kimataifa, benki, kontware za zahabu, iniversite, na sekretaria ndogo-ndogo pembeni ya Boulevard de la Libération. Zote zinatumia ordinatere. Kila mara mashini mpya inafika, ile ya zamani inatoka ku meza, na mutu wa kuichukua hakosi. Lakini klavye na suri yake hazina mwenye kuziuliza. Zinatupwa mu karto, karto inasukumwa nyuma ya depo, mulango unafungwa na kadena. Zinakaa mule mwaka moja, miaka mitatu, miaka mitano. Vumbi inazifunika, panya wanatafuna waya.

Suri, kwa wale wenye hawajaizoea, ni kile kitu kidogo cha kushika mu mukono, chenye kutembeza mushale ku ekrani. Ndugu zetu wa Tanzania wanakiita kipanya. Klavye ni ule ubao wa butoni wenye tunaandikia, wenye watu wa Kenya na Uganda wanaita kibodi. Bila hizi mbili, ordinatere ya meza inawaka tu, lakini hakuna kazi mutu anaweza kuipa.

Sasa tutoke Bunia, tupande barabara ya Nizi, Bambu, Kilo na Mongbwalu, ao tuelekee Mambasa. Mu shule nyingi za fasi hizi, mutoto wa mwaka wa saba na wa munane yuko na somo la TIC, ni kusema teknolojia ya habari na mawasiliano. Somo hilo liko mu programu ya leta, pamoja na hesabu na sayansi. Lakini mwalimu analifundisha ku tablo. Anachora suri na choko, anaandika pembeni: butoni ya kushoto, butoni ya kuume, gurudumu. Watoto wanachora vilevile mu kaye. Ku interogasyo wanaulizwa: “Suri iko na butoni ngapi?” Mutoto anajibu, anapata pointi zake zote, na tangu azaliwe hajagusa suri hata siku moja.

Hatusemi mwalimu ni mubaya. Anafanya kazi na choko ju choko njo kitu kimoja anapewa. Tunasema hivi: kile kitu mutoto anachora mu Mongbwalu, kiko ndani ya karto mu Bunia, na kati yao ni kilometre karibu 80 tu. Kwa hiyo gazeti linaomba wenye depo wafungue karto, na watoe. Lakini linaomba pia watoe kwa akili, ju kuko zawadi zenye zinasaidia na kuko zawadi zenye zinaongeza muzigo kwa yule mwenye kupokea.

Ni ya nini kwa mutoto wa muchimbaji?

Wazazi wengi wenye wanasoma ukurasa huu wanaishi kwa kazi ya shimo. Wanajua gramu ngapi zimeuzwa ju ya minervale. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 shule ya musingi ya leta ni bure, lakini sekondari bado inalipwa, na iniversite inalipwa zaidi. Muzazi anachimba miaka sita, mutoto anapata diplome ya leta, familia inafanya karamu. Kisha mutoto anashuka Bunia, anaingia ISP, ao Iniversite ya Bunia, ao Iniversite Shalom. Mwezi wa kwanza profesere anasema: kazi hii mutaileta yenye kupigwa ku mashini.

Pale njo taabu inaanza. Mutoto wa muji, mwenye baba yake yuko na ordinatere mu nyumba, anaikaa mbele yake saa mbili, anamaliza. Mutoto wa kare ya madini anatafuta butoni ya “A” kwa kidole kimoja, anaogopa kugusa fasi ataharibu. Mwisho anaenda ku sekretaria na karatasi yake ya mukono, analipa ukurasa kwa ukurasa. Yule mwenye kupiga anaandika na makosa yake mwenyewe, na ku kila sahihisho wanalipa tena. Mwaka wote, mupaka kazi ya mwisho ya masomo, ile feza inatoka mu mufuko wa yule baba mwenye kushika baramini. Si akili yenye inakosa kwa mutoto. Ni mazoezi ya vidole, na mazoezi hayo yanahitaji klavye, hata ya zamani.

Kuko sababu ingine, ya karibu zaidi na shimo. Tangu sheria ya madini ya 2002 ilipobadilishwa ku tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018, muchimbaji wa mukono anapaswa kuwa ndani ya kooperative yenye kukubaliwa. Kooperative inaomba statuti, orodha ya wanamemba, rejista ya uzalishaji, barua kwa Division ya madini na kwa SAEMAPE. Hizi zote zinaandikwa ku mashini. Mu kooperative yenye hakuna mutu wa kuandika, wanamutafuta mutu wa inje, na yule wa inje njo anabaki na karatasi, njo anajua hesabu, njo anaongea ku meza na wakubwa. Wachimbaji wetu wanajua vizuri namna mizani inaweza kudanganya mutu. Rejista inaweza kudanganya vilevile, na hasara yake inadumu kuliko ya mizani. Binti ao kijana wa kare mwenye anajua kuandika tablo ya hesabu anaweza kuwa kalani wa kooperative ya baba yake. Tunasema binti kwa kusudi, ju mara nyingi wakati mashini iko moja mu shule, wavulana wanaikaa na wasichana wanasimama nyuma wakitazama.

Kwa nini suri na klavye zaidi ya vitu vingine?

Kwa sababu njo vitu vinakufa vya kwanza. Sanduku la ordinatere linakaa mahali pake, hakuna anayeligusa. Ekrani vilevile. Lakini suri inakamatwa na kila mukono, inaanguka, waya yake inakunjwa mupaka inakatika ndani. Klavye inakula vumbi, chai, makombo ya mukate. Mu nchi ya udongo mwekundu, vumbi ya kyangazi peke yake inatosha kuziba butoni. Shule yenye ilipata mashini kumi inabaki na mashini kumi nzima na suri nne, basi ni mashini nne. Zile sita zinafunikwa na kitambaa, na watu wanasema: “Bile biliisha kufa.” Hazijakufa. Zinakosa kitu chenye kiko mu karto ya biro fulani.

Na laptopi vilevile. Ngapi zimewekwa pembeni ju butoni tatu zilikataa, ao ju mutu alimwaga fanta juu yake? Kama mashini inawaka na inaonyesha, muunganishe klavye ya USB kutoka inje, itaandika. Suri ya USB vilevile. Hakuna haja ya kununua kitu mupya.

Mu nyumba pia kuko faida yenye watu wengi hawajui. Familia nyingi za wachimbaji hazina ordinatere, lakini ziko na telefone ya Android. Kwa telefone nyingi za namna hii, kuko kiadaptatere kidogo kinaitwa OTG, chenye kuingia mu tundu la sharjere ya telefone na kupokea USB upande mwingine. Muunganishe klavye pale: telefone inakuwa mashini ndogo ya kuandikia. Mutoto anaweza kujifunza fasi ya herufi zote bila ordinatere, bila grupu, kwa umeme wa telefone tu. Na telefone yenye kioo chake kilipasuka na haisikii tena kidole, lakini ingali inaonyesha? Kwa nyingi za namna hiyo munaweza kuunganisha suri, mushale utatokea, mutafungua na kutoa namba na picha zenu mbele ya kuipeleka kwa fundi. Suri ya zamani inaweza kuokoa picha ya marehemu.

Sababu zenye zinafunga karto

Tukiuliza wakubwa wa biro, majibu ni yale-yale. Wa kwanza anasema: “Beko mu inventere, siwezi kutoa.” Ni kweli. Vitu vya ONG na vya leta vinaandikwa, na mukaguzi akikuta kitu kinakosa, logistisien njo analipa. Lakini dawa ya karatasi ni karatasi. Kuko pewe ya kuondoa vitu mu hesabu, kuko barua ya kutoa, kuko sinyatire ya mwenye kupokea. Kazi ya asubuhi moja. Suri yenye kuoza mu depo nayo ni hasara ya inventere, ila hakuna anayeulizwa juu yake.

Wa pili anasema: “Tutazihitaji siku moja.” Miaka mitano imepita, siku hiyo haijafika. Muweke kumi za akiba, mutoe zile zingine.

Wa tatu anasema: “Tukiwapa, watauza.” Inawezekana, na hatufichi. Kuna vitu vya shule vimeonekana ku soko, mbele ya leo. Lakini tuangalie bei: suri ya zamani haina bei ya kumutajirisha mwizi. Na kama zawadi inatolewa mbele ya komite ya wazazi, na hesabu yake inabandikwa ku ukuta wa shule, kila mutoto anakuwa mulinzi. Chenye kinaibiwa kwa urahisi ni zawadi yenye kupita mu mikono ya mutu mumoja.

Kuko jibu la ine, na hili linatoka kwa wazazi wenyewe, na ni zito: “Watoto wetu wanakaa chini ku udongo, shule za Djugu zilichomwa mu vita hii yenye ilianza mwisho wa 2017, na nyinyi munaleta habari ya suri?” Wako na haki ya kuuliza. Jibu letu ni hili. Dawati na matofali ni deni la leta na la makampuni, na tusiache kulidai. Sheria ya 2018 inasema ya kwamba ku redevanse ya madini sehemu 15 ku 100 ni ya entite yenye mradi uko ndani yake, na kampuni yenye ruhusa ya kuchimba inapaswa kutenga angalau 0,3 ku 100 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji. Feza hizo njo za kujenga kalasi. Suri na klavye haziombi feza hizo hata franka moja. Zilishanunuliwa, ziko hapa, zinangoja tu mutu wa kuzibeba. Kuomba kile kidogo hakukatazi kudai kile kikubwa.

Kutoa ni moyo, na kutoa ni akili

Wazee walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Kwa vitu vya elektroniki tunaongeza: na akili. Jirani zetu walijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2009 Uganda ilipitisha sheria ya kukataza kuingiza ordinatere, televizyo na frigo za zamani. Na mbele yake, mu 1991, nchi za Afrika zilikutana Bamako, ku Mali, zikafanya mkataba wa kukataza takataka zenye sumu kuletwa mu bara letu. Vile watu wa mbali hawana haki ya kututupia sisi, vile biro ya Bunia haina haki ya kutupia shule ya Kobu.

Kwa hiyo, mbele ya kutoa, tunaomba mambo machache yafanyike.

Ya kwanza, kila kitu kijaribiwe. Unganisha klavye ku mashini, fungua ukurasa mweupe, gusa butoni moja-moja toka mwanzo mupaka mwisho. Kwa suri, tembeza mushale, gusa kushoto, kuume, zungusha gurudumu. Yenye inakubali, weka upande huu. Yenye inakataa, upande ule. Dakika mbili kwa kila kimoja.

Ya pili, muangalie mudomo wa waya. Za zamani sana ziko na mudomo wa mviringo wenye misumari midogo sita ndani: wa rangi ya zambarau ni wa klavye, wa kijani ni wa suri. Zinaingia tu mu ordinatere za zamani zenye tundu la namna hiyo, na zinaunganishwa wakati mashini imezimwa. Za kisasa ziko na mudomo wa bapa, USB. Kumupa mwalimu mudomo wa mviringo wakati yuko na laptopi tu, ni kumupa funguo bila kadena. Uliza kwanza: “Mwalimu, mashini yenu iko na tundu gani?”

Ya tatu, herufi. Vitu vingi vya Bunia vinapita Kampala, na klavye za kule zimepangwa kwa Kiingereza: mustari wa juu unaanza na Q, W, E, R, T, Y. Zetu za Kifaransa zinaanza na A, Z, E, R, T, Y, na ziko na “é”, “è” na “ç” mahali pa karibu. Mutoto mwenye alijifunza ku moja anapotea ku ingine. Lakini musizitupe zile za Kampala. Ordinatere haisomi herufi yenye kuandikwa juu ya butoni, inasoma nafasi ya butoni. Mutu anaweza kuingia mu mipangilio ya mashini na kuchagua Kifaransa, kisha akabandika vipande vya karatasi yenye gundi juu ya butoni zenye zimebadilika. Ni kazi ya wanafunzi wenyewe, siku moja, na siku hiyo watajifunza mengi kuliko ku tablo.

Ya ine, suri zenye hazina waya. Kila moja iko na kipande chake kidogo chenye kuingia mu tundu la USB. Kama kimepotea, mara nyingi suri hiyo haina kazi tena. Na pile zitolewe mbele ya kuweka, ju pile ya zamani inavuja na kula chuma ya ndani.

Ya tano, usafi. Pindua klavye chini juu, igonge polepole, pangusa na kitambaa chenye alkoli kidogo. Hapana kuosha na maji ya kumwaga. Funga waya yake, bandika karatasi: “Imejaribiwa”, na tarehe. Zawadi safi inamuheshimu mwenye kupokea.

Mufano hauko mbali. Ku Nairobi, tangu 2002, shirika Computers for Schools Kenya linapokea ordinatere za zamani kutoka makampuni na biro, mafundi wanazitengeneza, kisha zinaenda ku shule. Na mashini ikiisha kufa kabisa, kuko fasi ya kuirudisha ili ivunjwe bila sumu. Sisi hatuna nyumba kubwa ya namna ile. Lakini mafundi wa telefone na wa mashini tuko nao mu kila soko, na wanafunzi wa enformatike wa iniversite zetu wanatafuta fasi ya kufanya staje. Meza moja, ordinatere moja ya kujaribia, vijana wawili wa staje: karto zote za avenue moja zinaweza kupita pale mu juma moja.

Zahabu haiko mule

Tumefika ku jambo lenye linahusu wachimbaji zaidi ya watu wote. Kuko habari inazunguka ya kwamba mu ordinatere kuko zahabu. Ni kweli, na tusiifiche. Zahabu iko ku kadi za ndani na ku midomo ya kuunganisha, lakini ni ngozi nyembamba sana. Kuko pia etani ya kasiterite, na mu vipande vya ordinatere na telefone kuko tantale ya koltani. Udongo wetu wa mashariki unatoka hapa kwa kilo na unarudi ndani ya mashini.

Lakini mu suri na mu klavye, karibu hakuna. Ndani ya klavye nyingi utakuta karatasi tatu za plastiki zenye mistari ya rangi yenye feza kidogo ao kaboni, na kikadi kimoja kidogo. Ndani ya suri, kitaa, butoni tatu, kikadi. Mutu akikusanya gunia nzima ya suri na kuichoma ju ya kutafuta zahabu, atapata majivu na kikohozi. Ganda la waya likiungua linatoa moshi wa dioksini, sumu yenye inabaki mu mwili na mu udongo. Etani ya kuunganisha vipande, mu mashini za zamani, iko na risasi ndani. Ulaya ilikataza risasi hiyo mu vifaa vipya tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2006, lakini vifaa vyenye tunapokea sisi ni vya mbele ya pale na vya baadaye, vyote vimechanganyika.

Wachimbaji wa Ituri tayari wanabeba merkire. Wanachoma amalgame mu nyumba, karibu na sahani ya watoto, na madhara yake yanajulikana. Tusiongeze moshi juu ya moshi. Ku Agbogbloshie, mu Accra, Ghana, vijana walichoma waya miaka mingi ju ya kupata shaba, na jina la fasi ile likajulikana dunia nzima kwa ugonjwa. Hapana kuchoma. Hapana kuyeyusha na asidi. Tunarudilia: suri yenye kufanya kazi mu mukono wa mutoto iko na faida kuliko suri elfu mu moto.

Na zile zenye zimekufa kabisa? Fundi atoe kwanza chenye kinaweza kutumika: waya nzima, mudomo wa USB, gurudumu, butoni za kubadilisha ku klavye ingine. Yenye inabaki, iwekwe mu gunia, fasi kavu, mbali na watoto na mbali na mto. Hapana kuitupa mu Nyamukau. Ku Bugesera, Rwanda, kuko kiwanda cha kuvunja takataka za elektroniki. Sisi mu provinse bado tunangoja fasi ya namna ile. Kwa hiyo mashirika makubwa yenye yanaingiza vifaa na ndege na malori yasituachie maiti. Lori lenye lilileta mupya liko na nafasi ya kurudisha chenye kimekufa. Dunia nzima ilitoa tani milioni 62 za takataka za namna hii mu 2022, na chini ya robo yake njo ilikusanywa vizuri. Bunia isiwe shimo la kupokea zile zingine.

Nani afanye nini

Kwa wakubwa wa biro: mumuagize logistisien afungue depo mbele ya mwisho wa mwezi, ahesabu, ajaribu, aandike pewe. Musifanye sherehe. Bendera ya kitambaa na picha ya wakubwa kumi mbele ya suri tano inagharimu kuliko zile suri.

Kwa maprefe na madirektere wa shule: musingoje kupewa chochote. Muandike ukurasa moja wenye kusema: tuko na mashini ngapi, tundu gani, umeme wa namna gani, chumba chenye kufungwa ao hapana, na nani atafundisha. Shule yenye haina mashini hata moja iseme wazi; inaweza kuanza na klavye tano na telefone moja. Mutoto anaweza kujifunza fasi ya vidole hata ku klavye yenye haijaunganishwa na kitu. Ile suri ya kwanza ya Douglas Engelbart, kule Marekani, ilikuwa imetengenezwa mu kipande cha mti. Mwanzo wa kitu si lazima uwe wa kifahari.

Kwa leta ya provinse na wakubwa wa shule: munaweza kuandika orodha moja ya shule zenye kuomba na kuiweka wazi, ili zawadi zisiende mara zote ku shule tatu za katikati ya muji, na Mambasa, Mahagi, Aru, Irumu na Djugu zikabaki mikono mitupu. Na mutu mwenye kubeba karto ya suri za shule asisimamishwe ku kila bariere kama mufanyabiashara.

Kwa wenye kontware na maPDG wa mashimo: nyinyi muko na mashini mu biro zenu, na watoto wa watu wenye wanawachimbia wanasoma kilometre chache tu. Hatuwaombi gramu. Tunawaomba karto.

Kwa bapapa na bamama: siku shule inapokea, mufike. Muhesabu pamoja na mwalimu, mutie sinyatire, muulize kila mwisho wa trimestre: ziko ngapi, zinatumika na nani, wasichana wanakaa mbele ya mashini ao wanasimama nyuma? Kitu cha bure kinachungwa vilevile kama kitu cha kununua. Na mu nyumba, kama muko na klavye yenye kulala chini ya kitanda, mupe jirani mwenye mutoto wake anasoma.

Zaidi ya miaka 100 zahabu inatoka mu udongo wa Kilo, tangu ilipopatikana mu 1903, na imepita mu mikono mingi mbele ya kufika mbali. Mara hii hatuongei juu ya kitu chenye kutoka kwetu kwenda. Tunaongea juu ya kitu kidogo chenye kilifika Bunia, kikasimama nyuma ya mulango wenye kadena, na kimebakisha safari fupi tu. Mwenye funguo anajijua. Wiki hii afungue.